Dakika Tatu za Kemuma

Katika Divisheni ya Nne ya mashamba ya chai ya Boito, wachumaji walikuwa na mchezo wao mmoja ambao mgeni akiuona angedhani ni wa mapenzi. Mtu akinyoosha mgongo kupita kiasi, au akichuchumaa kati ya mistari apate kuvuta pumzi, jirani yake alimnyemelea kwa nyuma akamchomekea ua la chai kwenye kikapu. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, na katikati lina manjano. Ukilishika mkononi utalisifu. Lakini chai inayochumwa sawasawa haipati nafasi ya kutoa maua. Mti wenye ua ni mti uliosahauliwa na mikono ya watu. Kwa hiyo ukifika kwenye banda la kupimia majani na ua linaning'inia mgongoni, hakuna aliyekuuliza kitu. Walicheka tu, na kicheko hicho ulilala nacho.

Kemuma, mama yake Janefer, alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo na alikuwa hajawahi kuwekewa ua hata siku moja. Wengi wa waliowekewa, aliwawekea yeye.

Alikuja kutoka upande wa Kisii akiwa bado msichana, ameolewa juzi tu na mtu anayeitwa Omosa, na wote wawili wakaandikwa kazi wiki moja. Omosa hakudumu. Mvua ya Boito haikumpenda, alisema, akarudi kwao, akaoa mwingine, na ndugu zake wakagawana shamba la baba yao bila kukumbuka kwamba kule kwenye chai kuna mwanamke na mtoto wenye haki ya kuulizwa. Kemuma hakwenda kugombana. Alibaki kwenye nyumba ya kampuni, chumba kimoja na jikoni, akapanda mboga za chinsaga nyuma ya ukuta, akalea binti yake mpaka akaingia shule ya bweni. Na akachuma. Alichuma kama mtu anayefukuzwa. Alikunywa chai ya saa nne akiwa amesimama. Wakati wa kupima, wenzake wakikaa juu ya vikapu kungoja zamu, yeye alizunguka kichaka kilicho karibu akitafuta majani mawili matatu yaliyosahaulika.

Nyapara wao, mzee Kimeli, alikuwa na maneno yake aliyoyarudia karibu kila wiki. "Ningepata kina Kemuma kumi tu," alisema, "nyinyi wengine ningewapeleka kwenu mkalale." Kwa maneno hayo wenzake walimchukia Kemuma kidogo, na yeye aliyala kama chakula. Mwaka mmoja kampuni ilimpa chupa ya chai na blanketi kwa kuwa mchumaji bora. Chupa aliitumia. Blanketi aliliacha ndani ya nailoni yake, kwenye sanduku, likawa kama cheti.

Kuna siku moja lazima tuitaje, maana itarudi. Phyllis, msichana wa Kikipsigis aliyezaliwa hapo hapo Boito, alikuwa ametoka kujifungua. Siku ya tatu tangu arudi kazini, maziwa yalimjaa kifuani yakamuuma, akageuza kikapu akakikalia. Kemuma alimwona kutoka mstari wa pili. Hakumwekea ua moja, alimwekea matatu. Phyllis aliyagundua kwenye mizani, mbele ya watu wote. Hakulia. Aliyatoa moja moja, akayaweka chini kwa upole kama mtu anayeweka mayai.

"Asante, Mama Janefer," alisema.

Kemuma alicheka pamoja na wengine. Wakati huo hakuona sababu ya kutocheka.

Halafu mashine za kuchuma chai zikaja. Kwanza divisheni nyingine, kwa mbali, mlio kama wa pikipiki iliyokwama, watu wakisema hazitafika huku kwa sababu huku ni mteremko. Mwezi wa pili ikaletwa karatasi, ikabandikwa kwenye banda la kupimia, na binti mmoja wa ofisini aitwaye Chepchumba akaja kuisoma kwa sauti ili asiyejua kusoma asidanganywe. Wachumaji walikuwa sitini. Wa kubaki ni kumi na wawili, wa kushika mashine na kupakia magunia. Wengine wote wangelipwa haki zao na kuhama nyumba za kampuni mwisho wa mwezi unaofuata.

"Kutakuwa na mtihani wa nguvu," Chepchumba alisoma. "Gunia la kilo ishirini, kutoka chini mpaka juu ya trela, mara nane. Hiyo ni raundi moja. Raundi ni tano. Kati ya raundi unaruhusiwa kupumzika mpaka dakika tatu. Ukiwa tayari kabla ya hapo, inua mkono. Hatuhesabu muda, tunahesabu magunia. Asiyefikisha thelathini na tano kati ya arubaini asijihesabu."

Akauliza kama kuna swali. Hakukuwa na swali. Maswali yalianza alipoondoka.

"Dakika tatu za kukaa, na watu wanakuangalia?" alisema Aoko, jirani yake Kemuma ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na miwili. "Huo ni mtego. Wanataka kuona nani mvivu. Ukikaa tu, wanaandika."

Wote waliona ameongea kweli. Kemuma aliona hivyo kushinda wote, na moyoni alifurahi kidogo, maana kama ni kutokaa, nani angemshinda?

Mpaka siku ya mtihani alikuwa na wiki saba. Alijaza mchanga kwenye gunia, akaenda nyuma ya nyumba palipo na ukuta mfupi wa mawe, na kila jioni baada ya kazi alinyanyua bila kusimama. Alianza Jumatatu na mara ishirini na mbili. Ijumaa zilikuwa kumi na tisa. Wiki ya pili kumi na saba, na bega la kulia likaanza kuongea. Alidhani ni uvivu umemwingia kwa siri, akaongeza juhudi. Zikawa kumi na sita. Ndipo akaogopa. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa kwake. Hakuwa na mahali pengine ambapo angeingia bila kubisha hodi.

Jumapili moja alikwenda mjini Sotik kuchomelea jembe lililokatika shingo. Fundi aliitwa Okoth, mtu mnene wa mabega, na nyuma ya karakana yake, kupita mageti yasiyopakwa rangi, palikuwa na uwanja mdogo ambapo wanaume wanne walikuwa wamekaa kwenye ubao. Mbele yao kulikuwa na vyuma vya kunyanyua vyenye mikebe ya rangi iliyojazwa saruji kila upande. Kemuma aliwatazama kwa muda mrefu. Hawakuongea. Hawakufanya lolote.

"Hao wanangoja nini?" alimuuliza fundi.

"Hawangoji. Wanafanya kazi."

"Wamekaa."

"Ndiyo kazi yenyewe, nyar Kisii," alisema, yaani binti wa Kisii kwa Kijaluo. " Kunyanyua ni nusu tu."

Kemuma alicheka, akaona aibu kucheka, halafu, kwa vile alikuwa mgeni hapo na hakuna wa kumsema, akamweleza yote: karatasi, gunia, hesabu inayoshuka. Okoth alizima mashine yake ya kuchomelea. Alimletea mkebe wa saruji wenye mshikio, kilo ishirini kamili, akamwonyesha benchi ya kufikia kifua.

"Nyanyua vile unanyanyua huko kwako."

Alinyanyua mara nane. Akapumua mara mbili, akarudi: tano. Akarudi tena: tatu. Halafu mbili. Mwisho alipandisha mmoja kwa goti na tumbo na maneno ya Kikisii.

"Kumi na tisa," alisema Okoth. "Sasa nenda nyumbani, wiki hii usiguse hilo gunia. Jumapili uje."

Aliporudi, fundi alitoa simu, akaweka saa. Alinyanyua nane. "Kaa," akaambiwa. Akasimama akizungusha mikono. Akauona ufagio, akaanza kufagia vipande vya chuma. Okoth alimnyang'anya ufagio.

"Nimesema kaa. Hapo kwa ubao. Kwa makalio."

"Nimeshapoa. Pumzi imerudi."

"Pumzi inarudi mbio, ndiyo inawadanganya nyinyi nyote. Nguvu ya ndani ya nyama iko nyuma, inakuja polepole kama mtu amebeba mzigo. Ukinyanyua kabla hajafika, unanyanyua bila yeye."

"Dakika moja basi."

"Dakika moja ni ya vijana wanataka mkono uvimbe kidogo waende disko. Nguvu inataka tatu." Okoth alikuna shingo. "Wewe si Msabato?"

"Ndiyo."

"Mungu mwenyewe anakupa siku nzima kila wiki unachukua. Mimi nakupa dakika tatu unakataa."

Wale wanaume wanne walicheka kwa mara ya kwanza, na Kemuma akakaa. Dakika hizo tatu zilikuwa ndefu kuliko foleni ya hospitali. Vidole vyake vilichuma hewa juu ya magoti bila yeye kujua. Lakini aliponyanyuka alinyanyua nane tena. Akakaa. Saba. Akakaa. Sita. Akakaa, na mwisho tano.

"Thelathini na nne," alisema Okoth. "Saruji ni ile ile. Mikono ni ile ile."

Alirudi Boito akiwa na hasira, na hakujua hasira ni ya nani. Kesho yake, akiwa mstarini, jambo likamjia. Sehemu iliyochumwa Jumatatu hairudiwi Jumanne. Hata mtoto wa kambini anajua hilo. Miaka mingi nyuma nyapara mmoja mgeni aliwahi kuwarudisha mahali baada ya siku nne, wakatoka na vikapu vyepesi kama vya kuku, na meneja akamfokea mbele yao: mnataka kuchuma nini, chai haijarudi. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameupa mti wa chai pumziko ambalo mikono yake mwenyewe hakuipa. Alisimama kidogo kwa sababu ya wazo hilo. Halafu akakumbuka amesimama, akaangalia nyuma haraka kama kuna mtu ana ua.

Kwa hiyo akawa anakwenda Sotik kila Jumapili, malipo yake kifungu cha chinsaga ambacho mke wa Okoth alikipenda. Katikati ya wiki alifanya siku moja nyuma ya nyumba. Hakuwa na simu ya kuweka saa, simu yake ilikuwa ya kubonyeza na kioo kimepasuka, basi alipima dakika tatu kwa wimbo wa kanisani: beti nne, polepole, moyoni, na kiitikio kila baada ya ubeti. Wimbo ukiisha, anasimama. Shida ilikuwa kushusha gunia kutoka ukutani. Kulishusha nako kulimmaliza. Alihitaji mtu. Aoko hakumfaa, maana Aoko akijua, kambi nzima ingejua kwamba Kemuma anakaa.

Aliyejitokeza ni Phyllis. Alipita na mtoto mgongoni akitafuta kuku wake, akamkuta Kemuma ameketi juu ya jiwe jioni peupe, amefumba macho.

"Mama Janefer, unaumwa?"

"Siumwi. Nyamaza, utanipotezea ubeti."

Baadaye ilibidi amweleze. Hakumweleza kwa wema, tusimsifu bure. Alimweleza kwa sababu alihitaji mikono ya kushusha gunia, na kwa sababu alijua Phyllis hana marafiki wa kumpelekea umbea. Lakini kitu kikishaelezwa kimeelezwa. Wakawa wanapokezana: mmoja ananyanyua, mwingine anashusha, halafu wote wanakaa, mtoto katikati yao akitafuna kitambaa. Phyllis hakupata taabu ya kukaa.

"Wewe umekaa vizuri," Kemuma alimwambia siku moja.

"Mimi nilishachek­wa nikamaliza," alijibu Phyllis. Hakuinua macho, na Kemuma akarudi kwenye wimbo wake.

Wiki ya saba, kwa Okoth, alinyanyua thelathini na nane. Okoth aliandika hesabu hiyo kwa chaki kwenye geti la mtu.

"Kuna kitu kimoja," alimwambia akimsindikiza barabarani. "Siku hiyo usikie kitu kimoja tu, wimbo wako. Wengine wakisimama, wewe kaa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, fundi."

"Rudia."

"Wakisimama, nikae."

Siku ya mtihani ukungu uliondoka mapema. Trela liliwekwa kwenye uwanja mbele ya banda, magunia yamepangwa, na Chepchumba alikuwa na saa shingoni na karatasi kwenye ubao. Mzee Kimeli alisimama kando, mikono nyuma. Yeye hakuwa na sauti katika jambo hilo, na ilionekana hajui auweke wapi uso wake. Wachumaji sitini walikaa nyasini kungoja majina, na wengine wengi wa kambini walikuja kutazama.

Wa kwanza walifanya kama Aoko alivyoonya. Walinyanyua nane, wakainua mkono hata kabla jasho halijatoka, wakanyanyua sita, nne, mbili. Watu waliwashangilia kwa bidii yao. Ishirini na nne. Ishirini na moja. Mwanamume mmoja aitwaye Nyagaka, mwenye kifua kama mlango, alipata ishirini na tisa akaanguka akikaa. Chepchumba alirudia kila mara, kwa upole, kwamba wana dakika tatu. Kila aliposema hivyo watu walitazamana: si tulisema ni mtego.

Aoko alipata ishirini na tatu. Alirudi kukaa nyasini akipangusa shingo, amekwisha, na anatabasamu lile tabasamu la mtu ambaye asipocheka atapiga kelele.

Akaitwa Kemuma. Kambi ikapiga vigelegele, maana huyu ndiye waliyemjua.

Nane za kwanza zilikwenda kama anapanga vikombe. Palikuwa na kreti ya plastiki karibu na trela. Aliiendea, akaigeuza, akakaa.

Vigelegele vikakatika. Hakutazama mtu. Alianza wimbo wake, ubeti wa kwanza, kiitikio. Mahali fulani nyuma mtu aliuliza, "Ameumia?" na mwingine akasema, "Kemuma? Hapana." Ubeti wa nne ukaisha, akainua mkono, akanyanyua nane tena, za mwisho nyepesi sawa na za kwanza. Kumi na sita. Akarudi kwenye kreti, na safari hii alisikia kicheko kimoja, kidogo. Mikono yake ilikuwa mizuri. Alijua. Nguvu ilikuwa njiani inakuja, aliisikia kabisa ikipanda.

Alikuwa katika ubeti wa kwanza kitu kilipoanguka mapajani mwake.

Lilikuwa ua la chai. Jeupe, bichi, na kijani kidogo bado kwenye shina. Alipoinua macho, Aoko alikuwa anarudi mahali pake mbio mbio, bega juu, anacheka kwa kuziba mdomo, na nyasi nzima ya watu ikapasuka kwa kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya. Watu walikuwa wamekaa asubuhi nzima wakiona maisha yao yanahesabiwa kwa magunia, walihitaji kucheka, na Aoko aliwapa. Miaka kumi na miwili alikuwa akiingoja nafasi hiyo kama vile mtu anavyongoja kumtania shemeji.

"Leo amepata," mtu alisema. "Miaka yote hiyo, leo amepata."

Kemuma alisimama.

Hakuamua kusimama, miguu ilisimama, na mkono ukawa juu.

"Mama," alisema Chepchumba, akitazama saa yake, "ni sekunde arubaini tu. Una dakika mbili na zaidi bado. Ukitaka."

"Niko tayari."

Alinyanyua saba. La nane lilifika nusu likarudi. Lakini saba ni nyingi, na watu walishangilia kama wamerudishiwa kitu. "Huyo ndiye Kemuma wetu," walisema. Pumzi ikamrudia mara moja, kifua kikawa chepesi, na palepale akasadiki alichotaka kusadiki: kwamba Okoth hakumjua, kwamba yeye si kama watu wengine. Kreti ilikuwa hatua mbili tu. Aliisukuma kwa mguu pembeni. Akainua mkono.

Nne.

Alisimama akishika ubao wa trela. Sasa alijua. Alijua vizuri sana, kama unavyojua umeacha moto jikoni ukiwa umeshafika mbali. Angeweza bado kukaa dakika zote tatu. Labda angepata nane za mwisho, na ishirini na saba na nane ni thelathini na tano, alikuwa amepiga hesabu hiyo. Aliitazama kreti. Ili aifikie angepaswa kwenda kuiokota mahali alipoisukuma, kuirudisha, kuigeuza na kukaa juu yake mbele ya watu waliokuwa wanapiga makofi kwa kuwa hakukaa.

Akainua mkono. Chepchumba alisita kidogo kabla ya kubonyeza saa.

Tatu.

"Thelathini," alisema Chepchumba, na akaandika. Mzee Kimeli aligeuka akaangalia milima ya chai kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka huko.

Baada ya watu kama kumi aliitwa Phyllis. Alimpa mtu mtoto, akanyanyua nane, akaenda kuichukua ile kreti. Alipokaa, kulikuwa na kijana mwenye mchezo aliyeokota ua lile lile chini akamrushia. Phyllis alilitazama. Akalichomeka kwenye kitambaa chake cha kichwa, juu ya sikio, akaweka mikono magotini na kufumba macho, na midomo yake ikawa inaenda. Kemuma, kutoka nyasini, alisoma midomo hiyo. Phyllis ni wa kanisa jingine, wimbo ule hakuwa nao. Aliupata nyuma ya nyumba.

Thelathini na sita.

Jioni ile Phyllis alikuja mlangoni kwa Kemuma, mtoto mgongoni, bado ana jasho kwenye nguo.

"Mama Janefer, ni wewe ulinifundisha."

"Basi nilikufundisha vizuri."

"Nilitaka kusema..."

"Kuku wako yuko huku nyuma," Kemuma alisema. "Amekuwa akitaga kwenye kuni zangu. Mchukue kabla sijahama."

Aoko naye alikuja, akalia, akasema ulikuwa mchezo tu, yeye hakujua kuhusu dakika wala nyimbo, na mbona hukuniambia, mimi jirani yako. Kemuma alimwandalia chai. Hakuwa na kosa la kumpa. Mchezo ule aliulea yeye zaidi ya mtu yeyote pale kambini, na akianza kuhesabu maua, hesabu ingeanzia kwake.

Jumapili hakwenda Sotik. Mchana simu ililia.

"Nyar Kisii, lete habari."

"Sikupita, fundi."

Nyuma ya Okoth mtu alikuwa anagonga chuma.

"Ulipata ngapi?"

"Thelathini."

"Thelathini? Hapana. Ulipumzika?"

Kemuma alikuwa amesimama katikati ya chumba. Sanduku lilikuwa wazi, blanketi katika nailoni yake liko juu, na kila kitu kingine kimefungwa kwa kwenda kwa dada yake upande wa Keroka, ambaye alikuwa amesema njoo, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kukulaza.

"Nilipumzika," alisema.

"Zote tatu? Kila raundi?"

"Zote."

Akamsikia Okoth akivuta pumzi, na kugonga kwa nyuma kukaacha, kana kwamba fundi ameinua mkono kumnyamazisha mtu.

"Basi ni mimi nilikosea," alisema Okoth. "Labda wewe ulihitaji nne. Kuna watu wanahitaji nne. Ningekupima vizuri zaidi. Nisamehe, dada yangu."

Angeweza kumwambia. Neno lilikuwa karibu, dogo, lisingemgharimu nyumba maana nyumba ilikuwa imeshakwenda. Lakini ingemlazimu aseme kwamba alijua, kwamba alifundishwa, kwamba hata aliulizwa kwa upole mbele ya watu wote, na kwamba kilichomnyanyua ni ua. Afadhali mikono yake ionekane haikutosha.

"Si kitu, fundi," alisema. "Umejitahidi."

Kiti kilikuwa kimoja kilichobaki bila kufungwa, cha kukalia mpaka gari la dada yake lifike saa tisa. Kemuma alikiangalia. Kisha akachukua ufagio, akaanza tena kufagia sakafu ambayo alikuwa ameifagia asubuhi.